Mamba Muntu Waliorudishwa

Jumatatu, 11 Januari 1993

Hii ni rejesta ya maktaba. Tangu Novemba hakuna mtu aliyeazima kitabu, basi kurasa zilizobaki nimejiazima mwenyewe.

Naitwa Henriette Mwadi, mjane, umri miaka arobaini na minne, mtunzaji wa ukumbi na maktaba ya klabu ya wafanyakazi hapa Kolwezi. Kiswahili changu ni kile nilichofundishwa na masista kule Kalemie. Ndugu yangu Kalumba husema naandika kama katekismo. Na aseme.

Kila mwaka, mvua ikiwa katikati, wachoraji wa mji hutundika tablo zao, picha za rangi, pamoja ukumbini, wote chini ya neno moja. Mwaka juzi neno lilikuwa Soko, mwaka jana Mama. Safari hii Tata Kisimba, mkuu wa klabu, amechagua Maji. Nilimwambia maji tunayo tayari, yanapita darini. Hakucheka. Siku hizi hacheki.

Jumapili, 17 Januari

Mvua kutwa. Nimeweka ndoo tatu maktabani.

Jumatano, 20 Januari

Mkutano wa wachoraji. Niliwapangia viti kumi na moja, wakaja saba.

Tshibangu alikaa mbele kama kawaida yake, rangi ya buluu ndani ya kucha. Nusu ya tablo zilizomo katika sebule za mji huu ni za mkono wake, na mabango ya vinyozi pia. Asili ya familia yake ni Kasai, mkoa wa jirani. Baba yake aliletwa kuchimba shaba, akafia katika nyumba ya kampuni, mtaa wa Kapata, na ndimo Tshibangu alimozaliwa na ndimo anamoishi na mkewe Mignonne.

Hatukufika mbali. Mbayo, ambaye huchora simba na maporomoko, alisimama.

“Tata Kisimba, mi siwezi kutundika tablo yangu pembeni ya tablo ya mugeni.”

“Mugeni nani?” Tshibangu akauliza.

“We unajua.”

“Mi nilizaliwa Kapata. We ulizaliwa Bukama, ulikuja na treni, nilikuona unashuka. Sasa mugeni nani?”

Watu walicheka, kisha wakaacha kucheka wote kwa mara moja, kama bomba lililofungwa.

Tata Kisimba hakumtazama yeyote kati yao. Alinitazama mimi. “Mama Henriette, andika. Maonyesho ya mwaka huu itakuwa ya benyeji tu.” Nikaandika. Akanisomea majina manne ya kufuta, nami nikayafuta moja moja kwa rula. La tatu lilikuwa la Tshibangu, na yeye angali amekaa pale, hatua mbili kutoka mkononi mwangu. Kalamu haikukwama hata kidogo.

Alichukua kofia yake akasema, “Mubakie muzuri.”

Katika kumbukumbu za mkutano nimeandika kwamba aliomba udhuru. Ndiyo sababu hapa naandika vingine.

Jumanne, 2 Februari

Kalumba ameniletea uyoga mkubwa kama sahani. Amepanda juu ya paa la ukumbi bila kuombwa, akaziba matundu mawili kwa lami. Ni mdogo wangu, mama mmoja baba mmoja; huniita Yaya, yaani dada mkubwa. Kampuni ilimrudisha nyumbani pamoja na wenzake wa kiwandani mwaka jana, na tangu hapo analala chumba cha nyuma kwangu, Dilala. Mtu mpole. Ndoa ilimshinda kwa upole.

Alikuwa ametoka mkutano wa vijana wa chama.

“Banasema nini huko?”

“Banasema tutapata kazi, Yaya.”

“Kazi gani, na kampuni inakufa?”

“Ile ya bengine.”

Alisema hivyo huku akinitolea uyoga udongo kwa ncha ya kisu, polepole, asiuvunje.

Jumanne, 16 Februari

Huko Kapata baadhi ya mageti yamechorwa msalaba wa chaki. Mvua huufuta, na kesho yake upo tena. Hakuna anayemwona anayechora.

Jumamosi, 6 Machi

Nilikutana na Mignonne sokoni. Alinisalimu kwa jina, kwa sauti, kama siku zote. Nikamwitikia nikiangalia mafungu ya sombe, majani ya muhogo. Nilipogeuka alikuwa amekwisha kwenda, na mwenye sombe alikuwa ananitazama kama anayejaribu kukumbuka uso.

Jumatano, 24 Machi

Ukumbi wetu uko kwenye barabara inayokwenda gare, stesheni ya treni, basi nimeona yote, na nimeyaona nikiwa mahali pakavu.

Walianza kupita saa mbili asubuhi. Nilidhani ni mazishi. Watu wanatembea katikati ya barabara, magodoro kichwani, mabeseni, cherehani moja imebebwa na wanawake wawili kama mgonjwa. Kando yao vijana wenye matawi kichwani wanaimba. Wanaimba kwamba bilulu, wadudu, warudi kwao. Mvua ikaanza, magodoro yakanywa maji, yakawa mazito. Wengine waliyaachia hapohapo, wakapita bila kuangalia nyuma.

Hakuna aliyekimbia. Hakuna aliyelia kwa sauti. Hilo ndilo lililonitisha. Zilisikika nyimbo tu, na nyayo, na katikati yake nafasi kubwa ya kimya, kama kanisani kabla ya kengele.

Kuna mwalimu wa hesabu. Kuna nesi aliyenikatia kitovu cha mwanangu aliyefariki. Kuna Tata Nkongolo, aliyeazima kitabu kimoja cha bustani kwa miaka tisa. Yeye alinipungia mkono.

Karibu na saa tano akapita Tshibangu. Alikuwa anasukuma baiskeli, na juu ya keria amemkalisha mama yake, bibi Ngeleka, ambaye ameshika mwavuli wazi kwa mikono miwili na kuangalia mbele kama mtu anayepelekwa harusini. Mignonne alifuata, binti yao Dodo mgongoni ingawa ana miaka sita na miguu yake ilikuwa inaning’inia.

Tshibangu alitazama dirisha langu. Sijui kama aliniona, vioo vilikuwa na mvuke. Nilisema moyoni, atakapofika kwenye mti wa jacaranda nitatoka. Alifika kwenye mti. Akapita.

“Mama Henriette,” Tata Kisimba akasema nyuma yangu, “funga madirisha, mvua inaingia.”

Nikafunga.

Alhamisi, 25 Machi

Kalumba amerudi asubuhi, sauti imemkauka kwa kuimba. Amekuja kuchukua nguo zake. Amepata nyumba Kapata.

“Ya nani?”

“Ya kampuni, Yaya. Zote ni za kampuni.”

Jumatano, 31 Machi

Nilipofungua ukumbi leo nilikuta tablo barazani, imeegemezwa na kugeuzwa uso ukutani, kama mtoto aliyeadhibiwa. Nikaigeuza. Mamba muntu. Nusu mwanamke, nusu samaki, nywele ndefu, saa ya mkononi, nyoka begani. Yule mwanamke wa majini ambaye kila sebule ya Katanga ilikuwa naye wakati watu walipokuwa na mishahara.

Nikadhani mchoraji ameileta mapema kwa ajili ya maonyesho. Lakini kadre yake, fremu ya mbao, ina masizi ya jikoni, na misumari bado imo.

Ijumaa, 2 Aprili

Wengine wawili. Uso ukutani.

Jumatatu, 5 Aprili

Wamekuwa kumi na moja. Nimemuuliza mlinzi wa geti, hajaona mtu. Nimewauliza wauza mkaa wa upande wa pili, wanasema hawajaona, kisha wanasema tusiseme mambo hayo hapa.

Nimewaingiza ukumbini na kuwapanga chini. Walio chini wote wana macho yaleyale ya kutazama pembeni kidogo, upande wa mlango. Nimegundua kwamba sasa naingia nikipitia maktaba, nisipite ule mlango.

Jumatano, 7 Aprili

Mbayo alikuja kuuliza kama maonyesho bado yapo. Aliwaona, akabaki kizingitini.

“Ni nani anazileta, Tata Mbayo?”

“Bale banaokaa mu zile nyumba.”

“Kwa nini? Walichukua masufuria, vitanda, hata milango. Kwa nini hizi wanarudisha?”

Alivua kofia. “Mama, mamba muntu anaingiaka mu nyumba kwa mapatano. Mwenye nyumba anamununua, anamupa fasi mu salon, bote banazoeana. Sasa we unakuja, unafukuza mwenyewe, unabakia naye. Hakujui. Atakuuliza: mwenye nyumba eko wapi? Mu Kapata kuna mutu anasikiaka mayi inamwangika mu chumba, muchana kabisa. Anaenda kuangalia, anakuta pakavu. Kuna mungine anasikiaka chanuo mu nywele, nyuma ya ukuta.”

“Na wewe unaamini?”

“Mi? Mi nachoraka simba.” Akavaa kofia. “Lakini mi sikuchukua nyumba ya mutu.”

Alisema kwa fahari, kisha nadhani akakumbuka mkutano wa Januari, kwa sababu aliondoka bila kuaga.

Jumapili, 11 Aprili, Pasaka

Soprano wote wa kwaya walikuwa Wakasai. Padri aliimba Aleluya peke yake.

Jumatatu, 12 Aprili

Thelathini na tatu.

Jumanne, 13 Aprili

Kalumba amekuwa anakuja kwangu kila mchana tangu wiki iliyopita. Anakaa jikoni, harudi Kapata mpaka nimfukuze. Maji anayanywa kwa kiganja, vikombe hagusi. Amekonda shingo.

Leo alikuja ukumbini, mchana kweupe, tablo kwapani, na hakuiacha barazani. Alinipa mkononi.

“Yaya, uniwekee hii kule kwa benzake.”

Nikaigeuza. Niliifahamu kabla sijamaliza kuigeuza. Mamba muntu huyu ana uso wa Mignonne, na shanga zake, na pengo dogo la meno yake ya mbele. Tshibangu alimchora mwaka wa ndoa yao, akakataa kumuuza kwa yeyote.

“Kumbe ni nyumba yao.”

“Kama haikuwa mi, ingekuwa mungine.”

“Ulikuwapo walipotolewa?”

Alikaa kwenye ngazi ya kutundikia. Akaanza kukwangua rangi iliyokauka kwenye ngazi.

“Ni mi njo nilipiga hodi. Bengine balitaka kuvunja mulango. Nikabaambia hapana, mi nabajua, muningojee. Nikaita. Tata Tshibangu akafungua sababu alisikia sauti yangu. Akaniambia, Kalumba, ingia.”

“Halafu?”

“Bakaingia bote nyuma yangu. Mignonne alikuwa amesonga bukari, anaitoa ku moto. Akaomba tumuache amupakulie mutoto. Bakakatala. Bakatoka vile, mikono mitupu, ni baiskeli tu ya kubeba bibi, na bibi alichukua mwavuli.” Akakwangua tena. “Balipoenda, bukari ilikuwa bado moto. Tukaikula, Yaya. Tulikuwa na njaa. Mi njo nilinawa wa kwanza.”

Huyu ndiye niliyembeba mgongoni kutoka mtoni akiwa na surua. Nilimtafuta usoni mwake yule mwingine, mbaya, ambaye ningeweza kumchukia, nisimwone. Alikuwa huyuhuyu. Hilo ndilo lililonifanya niogope kuliko chanuo nyuma ya ukuta.

Jumatano, 14 Aprili

Tata Kisimba ameingia ukumbini, akawahesabu kwa kidole, thelathini na wanne, na kwa mara ya kwanza mwaka huu nikamwona anatabasamu.

“Neno letu lilikuwa nini, Mama? Maji! Tazama basi, maonyesho tunayo.” Kati ya wachoraji wake wenyeji, ni Mbayo na mwingine mmoja tu walioleta kazi. Mheshimiwa kutoka ofisi za mji atafungua Jumamosi. “Kwenye kadi utaandika: Wachoraji wa Kolwezi. Basi. Usiweke jina.”

Ijumaa, 16 Aprili

Siku mbili natundika. Kalumba ananisaidia.

Sijawahi kuona maonyesho ya namna hii. Mikono labda tisa tofauti, mwingine fundi, mwingine hajui hata kuchora bega, na wote wamechora mwanamke mmoja. Ukisimama katikati ya ukumbi unahisi umeingia mahali ambapo watu walikuwa wanazungumza.

Nyuma ya tablo kuna maandishi. Watu waliandika huko mambo ambayo hawakutaka yapotee. “Tulinunua siku Nkongolo mudogo alipozaliwa.” “Baba amekufa, Alhamisi.” Nyuma ya moja kuna alama za penseli za kimo cha mtoto, mwaka baada ya mwaka, hadi kiunoni mwa mtu mzima. Katika kona ya kadre nyingine picha ndogo za pasipoti zimechomekwa, nyuso sita. Kati ya thelathini na nne, ishirini na sita nimejua zimetoka nyumba gani. Nyingi ya nyumba hizo nimekula ndani yake.

Mchana nilikaa na kadi nyeupe mbele yangu. Niliandika ya kwanza kama nilivyoamriwa: Wachoraji wa Kolwezi. Nikaitazama. Mwandiko uleule wa Januari, herufi zilezile nzuri za masista.

Nikaichana. Nikaandika: Ilitoka sebuleni kwa Tata Nkongolo, Kapata. Ilinunuliwa siku alipozaliwa mwanawe.

Nimeandika zote hivyo. Zile nane nisizozijua: Mwenyewe atajulikana. Na ile ya mwisho nimeiandika mara tatu: Mchoraji, Tshibangu. Aliyefuta jina lake, Henriette Mwadi. Aliyebisha mlangoni kwake, Kalumba, ndugu ya Henriette.

Nilimwita Kalumba aisome. Aliisoma akifuata kwa kidole. Nilikuwa tayari aichane.

“Uliandika vizuri,” akasema. Akaenda kufagia.

Jumamosi, 17 Aprili

Walikuja kama sitini, wamevaa. Mheshimiwa alipita na mikono nyuma, akisema “tazama, tazama,” mpaka alipoinama kusoma kadi. Alisoma kwa sauti: “Ilitoka sebuleni kwa…” Akasoma ya pili kimya. Ya tatu. Nyuma yake watu nao wakaanza kusoma, na ukumbi ukawa kimya kimya, ila midomo inayotembea. Mwanamke mmoja mwenye kitambaa kipya alifika mbele ya kadi, akaisoma, akaweka mkono mdomoni, akatoka nje mvuani bila mwavuli. Wengine wakamfuata. Hawakukimbia. Walitoka mmoja mmoja.

“Nani aliandika hii?”

Tata Kisimba alikuwa analowa jasho. Nikasema, “Mimi.”

Mheshimiwa alinitazama kwa namna ya huruma hivi. “Jumatatu ukumbi huu ufungwe,” akamwambia Kisimba. “Na ufunguo usibaki kwa mama huyu.”

Jumapili, 18 Aprili

Kwa kuwa ufunguo ninao mpaka kesho, nimefungua baada ya misa.

Sikumwita mtu. Labda Mbayo ndiye aliyesema huko gare. Maelfu wanalala pale tangu Machi wakingoja mabehewa, chini ya mashuka na mabati, na mvua ya leo ilikuwa ya kupasua mabati. Niliwaona wanakuja barabarani, wazee, wanawake, matope hadi magotini. Waliingia wakapangusa miguu. Ukumbi ulivuja katika kila kona, nao walipangusa miguu.

Walipita polepole. Hawakuonyeshana. Halafu mwanamke mmoja akasimama mbele ya tablo, akaisogeza kidogo kwa kidole, kwa sababu ilikuwa imeinama upande, kama mtu anavyofanya nyumbani kwake akipita. Akageuka, akaipa mgongo, akabaki hapo. Mwingine akaiona yake, akasimama chini yake. Na mwingine. Tata Nkongolo alinyoosha shati lake lililolowa, akasimama chini ya yake, mikono mbele, kama anayengoja wageni.

Baada ya muda kidogo karibu kila mamba muntu alikuwa na watu wake chini yake. Hata zile nane zikajulikana. Hakuna aliyesema. Mvua ikipiga juu, na nyuso zile zote, za rangi na za watu, zinatazama mlango. Nilikuwa nimesimama mlangoni. Sijawahi kutamani namna ile kwamba mtu anitukane.

Tablo moja tu haikuwa na mtu. Tshibangu alikuja mwisho, peke yake. Alizunguka akitazama zile alizowachorea wengine, akigusa hapa na pale alipokosea bega miaka ishirini iliyopita. Alipofika kwa yake alisoma kadi tu. Kisha akanijia.

“Mama Henriette, mama yangu alikufa leo asubuhi. Nilikuwa naomba mbao ya sanduku.”

Jumatatu, 19 Aprili

Mbao zilizokuwapo ni zile za kutundikia, tripleksi, plaiwudi nene za klabu. Tulizishusha alfajiri kulipopambazuka. Kalumba ndiye aliyekuja na msumeno. Nilimwambia asije. Akaja.

Tshibangu alimwona akiingia. Niliwaza, sasa. Lakini Tshibangu alikuwa amepiga goti anapima kwa kamba, akasema tu, “Kalumba, shika huko.” Kalumba akashika huko. Walikata mbao asubuhi hiyo, mmoja akivuta, mmoja akisukuma. Mara moja Kalumba alifungua mdomo, akasema, “Tata Tshibangu, mi…” na Tshibangu akasema, “Usiongee, mustari utapotea.”

Nami nilitaka kusema yangu. Nilisubiri avute pumzi. Nilipoanza, alinyoosha mkono: “Unipatie penseli, Mama.” Nikampa penseli.

Misumari haikutosha. Tata Kisimba alifika saa nne kuchukua ufunguo, akatukuta na sanduku lisilofungika. Alisimama. Akaondoka. Alirudi na misumari ndani ya karatasi, akaiweka sakafuni, akachukua ufunguo mezani, akatungojea nje mpaka tukamaliza. Nilidhani najua mtu huyu ni wa namna gani. Sijui tena mtu yeyote ni wa namna gani.

Wanne walibeba sanduku. Kalumba alibeba mbele kushoto. Kaburini alichimba, akafukia, kisha sikumwona.

Jumanne, 20 Aprili

Chumba cha nyuma ni kitupu. Wanasema ameonekana kwenye lori la Dilolo, upande wa Angola. Nyumba ya Kapata ameiacha wazi, na kabla ya jua kutua ilikuwa na watu wengine.

Jumatano, 28 Aprili

Mabehewa yamekuja. Mengi ni ya wazi, ya kubebea madini.

Nilikwenda gare na sukari na vidonge vya malaria, vyote nilivyokuwa navyo. Kabla ya kutoa ufunguo nilikuwa nimewaambia watu wachukue vyao, na sasa niliona walivyofanya: wamezing’oa tablo kutoka kwenye kadre. Rangi ile ya mafuta haipitishi maji. Wamefunika nazo mizigo.

Mignonne alikuwa kwenye behewa la nne. Alipokea sukari, akapokea vidonge. Dodo alikuwa mapajani mwake, homa siku ya tano, macho wazi lakini hayashiki kitu. Nikasema, “Mignonne.” Akaniambia, “Kuko mayi?” Nikakimbia kutafuta maji, na nilipopata chupa treni ilikuwa imeanza.

Ilipita mbele yangu polepole, behewa baada ya behewa, na juu ya kila mzigo wanawake wale wa majini wamelala chali mvuani, macho wazi, wanatazama mbingu. Nilihesabu mpaka kumi na tisa. Tshibangu alikuwa amekaa juu ya yake.

Ijumaa, 7 Mei

Mvua zimekwisha. Siku tisa bila tone. Niko nyumbani, sina kazi, na watu wa hapa Dilala hupita upande wa pili wa njia.

Leo mchana mwanamke kijana amebisha hodi. Simjui. Alikuwa na mtoto mchanga, na alikataa kukaa.

“Banasema mama njo anajua majina ya batu ba zile nyumba.”

“Ya baadhi.”

“Mi niko mu ile aliyoacha ndugu yako.” Alimhamisha mtoto bega la pili. “Tulikuta wazi, mama. Hatukufukuza mutu.”

“Unataka nini?”

“Kila siku, saa sita, mutu anaita ku mulango. Sauti ya mwanamuke. Anaita vile tunaita mutoto aje kula. Natoka, hakuna mutu. Bwana yangu hasikiaka. Mi nasikiaka.” Alimfunika mtoto kichwa. “Anaita Dodo. Nilitaka kujua kama Dodo ni mutu.”

Nilikaa mimi. Nikamwambia Dodo ni mtu, ni msichana, miaka sita.

“Alikufa?”

“Alipanda treni na mama yake. Nilimwona.”

“Eko muzima?”

Mtoto wake alikuwa ameamka, ananitazama.

“Mzima,” nikasema. “Kesho ukisikia anaitwa, fungua mlango useme kwa sauti: Dodo hayuko hapa, amekwenda na wewe mwenyewe, yu mzima.”

Alirudia maneno yale mara mbili ili asisahau, akanishukuru, akashika njia ya Kapata akiwa anatembea kama mtu aliyetuliwa mzigo.

Treni inachukua siku nyingi kufika Kasai, na wanasema katika kila kituo wanazika. Jina la Dodo sijalisikia kwa mtu yeyote aliyerudi kutoka njiani. Kesho saa sita yule mwanamke atafungua mlango na kusema nilichomwambia, nami nitakuwa hapa, nikisikiliza kama kitajibiwa.